Hesabu ya Pointi na Michezo ya Mabweni Yetu

Watu wengi hudhani kwamba mchezo huamuliwa na miguu ya wachezaji tu. Husema, "Fulani ana mbio," au "Timu ile ina mfungaji hodari," na maneno yakaishia hapo. Mimi naona kwamba yupo mchezaji mwingine asiyevaa jezi wala kuonekana uwanjani, naye ni kanuni ya kuhesabu pointi. Kanuni hiyo huandikwa mezani kabla filimbi haijalia, nayo ndiyo inayomwambia kila mtu ajitahidi kiasi gani, na nani akae kando atazame. Ndugu yake ni idadi ya timu zinazoingia katika ligi. Ikiwa ndogo mno wengi hukosa nafasi, na ikiwa kubwa mno ligi hushindwa kwisha vizuri.

Nataka kueleza habari za mambo haya mawili, kisha niombe, kwa heshima zote, kwamba kanuni za michezo katika shule yetu zitazamwe upya kuanzia muhula ujao.

Nianze na mpira wa miguu, maana hapana asiyeujua. Zamani timu iliyoshinda ilipata pointi 2, na zilizotoka sare zilipata pointi 1 kila moja. Timu iliyokwenda kucheza ugenini iliona faida kubwa kurudi nyumbani na sare, kwa hiyo wachezaji wote walirudi nyuma kulinda goli lao, na watazamaji wakapiga miayo. Mwaka 1981 Waingereza walibadili kanuni ya ligi yao, wakampa mshindi pointi 3. Kombe la Dunia nalo likafuata mwaka 1994, lilipochezwa Marekani. Tazama hesabu yake. Timu moja imetoka sare mara mbili. Nyingine imeshinda mara moja na kufungwa mara moja. Kwa kanuni ya zamani zote mbili zina pointi 2. Kwa kanuni ya sasa ile ya kwanza ina 2 na ile ya pili ina 3. Mpira ni ule ule na goli ni lile lile, lakini aliyethubutu amempita aliyeogopa. Kilichobadilika ni tarakimu moja tu katika kitabu cha kanuni.

Sasa tutazame ukubwa wa ligi. Katika msimu wa 2013/14 Ligi Kuu ya Tanzania Bara ilikuwa na timu 14, na kila timu ilicheza mechi 26. Ndio msimu ambao Azam walichukua ubingwa bila kufungwa hata mara moja, na ndio msimu ambao sisi watu wa Arusha tuliipoteza JKT Oljoro, ikashuka daraja. Baadaye ligi ikawa na timu 16, yaani mechi 30 kwa kila timu na mechi 240 kwa jumla. Msimu wa 2016/17 Yanga na Simba walimaliza wakiwa na pointi 68 kila mmoja, na Yanga wakawa mabingwa kwa tofauti ya magoli. Hapo tena ni kanuni iliyoamua, maana kwa pointi peke yake hapakuwa na mshindi.

Msimu wa 2018/19 timu ziliongezwa zikafika 20. Mtu asiyepiga hesabu atasema, "Zimeongezeka timu 4 tu." Lakini timu 20 zikikutana nyumbani na ugenini hucheza mechi 380, yaani mechi 140 zaidi ya zile za timu 16. Wakati ule zilikuwamo Kagera Sugar ya Bukoba, Biashara United ya Musoma, Mbeya City ya Mbeya na Ndanda ya Mtwara. Mwenye kuijua ramani ya nchi yetu ataelewa maana ya safari hizo kwa timu isiyo na fedha nyingi. Tena mwaka ule Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, basi mechi zao nyingi za nyumbani ziliahirishwa zikawa viporo. Mtu alipoutazama msimamo wa ligi hakuweza kujua kwa hakika nani anaongoza, kwa sababu wengine walikuwa wamekwisha cheza mechi nyingi na wengine chache. Baada ya misimu miwili timu zilipunguzwa zikawa 18, kisha zikarudi 16. Sisemi kwamba timu 16 ni idadi takatifu. Nasema kwamba idadi ya timu lazima ilingane na siku zilizopo, viwanja vilivyopo na fedha zilizopo.

Baada ya mpira, nije kwenye mbio, ambako ndiko liliko kusudi langu hasa, maana katika mbio hesabu ya pointi ina nguvu kuliko mahali pengine popote.

Ulaya, hasa Uingereza na Poland, kuna mchezo wa pikipiki uitwao spidiwei. Pikipiki zake hazina breki, na madereva wanne hushindana katika njia ya duara kwa mizunguko minne, wawili wa timu moja na wawili wa timu nyingine. Wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hapati kitu. Tufikiri kidogo juu ya kanuni hiyo. Timu ikiwa na dereva mmoja hodari sana akawa wa kwanza, na mwenzake akawa wa mwisho, timu hiyo imepata 3. Wapinzani wao waliokuwa wa pili na wa tatu wamepata 2 na 1, jumla 3. Wametoka sare! Hata hodari huyo akishinda kila mbio jioni nzima, kama mwenzake ni wa mwisho kila mara, timu yao haitatangulia hata kwa pointi moja. Kwa hiyo dereva mwenye akili hatazami mbele tu. Humtazama na mwenzake, akamfungulia njia naye apite. Kanuni hiyo imemfundisha kwamba ushindi wake ni nusu tu ya kazi.

Afrika Mashariki nasi tuna mbio zetu za vyombo vya moto zenye sifa duniani, nazo ni Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953 na ambazo hapo zamani zilipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Dereva alipewa muda wa kufika kila kituo, na dakika alizochelewa zilihesabiwa kuwa adhabu. Njia ilikuwa ya maelfu ya kilomita, yenye vumbi na matope. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakafika tena 7 tu. Katika hesabu ya namna ile, aliyelitunza gari lake alimshinda aliyekwenda kasi siku ya kwanza akalivunja siku ya pili. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote wawili wakiendesha Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Ushindi akapewa Mehta, kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Siku hizi, tangu Safari iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, madereva hupimwa kwa vipande vya njia vilivyofungwa ambavyo jumla yake ni kati ya kilomita 300 na 400. Hesabu imebadilika, na dereva naye amebadilika: sasa hana budi kwenda kasi tangu mwanzo.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na sisi wanafunzi ni mbio za nyika. Katika mashindano ya dunia ya mbio hizo, nafasi aliyoipata mkimbiaji ndiyo pointi yake. Wa kwanza ana 1, wa arobaini ana 40, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Hapo zamani kila nchi ilipeleka wanaume 9, na 6 wa kwanza ndio waliohesabiwa. Mwaka 1988 mashindano yalifanyika Auckland, New Zealand. John Ngugi wa Kenya alikuwa wa kwanza, lakini hilo si ajabu kubwa. Ajabu ni kwamba Wakenya walichukua nafasi 8 kati ya zile 9 za mwanzo, na jumla ya watu wao 6 ikawa 23. Mtu akichukua nafasi zote sita za kwanza hupata 21, kwa hiyo walikosa ukamilifu kwa pointi 2 tu. Kuanzia mwaka 1986 mpaka mwaka 2003 timu ya wanaume wa Kenya ilishinda mara 18 mfululizo. Ngugi hakukimbia miaka yote hiyo. Walikimbia wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano na wa sita, ambao majina yao wengi wetu hatuyajui, na kanuni ile iliwatambua.

Nchi yetu nayo ina fahari yake. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974. Mwaka 2025 Alphonce Simbu alipata medali ya dhahabu ya marathoni ya dunia huko Tokyo. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na kifua cha Simbu ndicho kilichovuka mstari mbele. Hao ni mashujaa, nasi twajivunia. Lakini mbio walizoshinda ni mbio za mtu mmoja mmoja, ambazo humtafuta mmoja aliye bora. Mbio za nyika za timu huwatafuta wengi walio wazuri. Shule, kwa maoni yangu, ni mahali pa wengi.

Basi tuje nyumbani. Kila muhula mabweni yetu manne hushindana mbio za nyika katika njia zetu za Nkoaranga, kushuka kuelekea Usa River na kupanda tena kati ya migomba na mikahawa. Bwana Mungu ametupa mlima, nasi hatuhitaji kununua uwanja wa mazoezi. Lakini kanuni yetu ni hii: wa kwanza hupata pointi 5, wa pili 3, wa tatu 1, na wengine wote hawapati kitu. Matokeo yake kila mmoja anayajua. Kilomita ya kwanza ikiisha, kila mkimbiaji amekwisha kujua kama yumo katika watatu au hayumo. Asiyekuwamo huanza kutembea. Wengine husimama kununua ndizi, wengine hukaa kivulini wakingoja wenzao warudi. Walimu huwakemea na kuwaita wavivu. Mimi nasema si uvivu mtupu. Kanuni yenyewe imewaambia kwamba jasho lao halina thamani, nao wameisikia.

Tupige hesabu. Chukua bweni lenye wakimbiaji wawili hodari, nao wakawa wa kwanza na wa pili, na wenzao wote wakatembea. Kwa kanuni yetu limepata pointi 8. Bweni la pili lina watu waliofanya mazoezi kila asubuhi, wakachukua nafasi ya 3 mpaka ya 12. Limepata pointi 1. Sasa tuhesabu kwa kanuni ya nyika, tukiwachukua watu 10 wa kwanza wa kila bweni. Bweni la pili lina jumla ya 75. Bweni la kwanza lina 1 na 2, kisha tuseme wenzao wanane walipata nafasi ya 33 mpaka ya 40. Jumla yake ni 295. Aliyekuwa mshindi kwa 8 dhidi ya 1 sasa ameshindwa vibaya. Na hapana mtu aliyekimbia hatua moja zaidi au pungufu!

Ninaloomba basi ni hili. Kwanza, katika mbio za nyika, kila bweni lihesabiwe watu wake 10 wa kwanza, na jumla ndogo ndiyo ishinde. Pili, katika hao 10, wasipungue wawili wa Kidato cha Kwanza, kusudi wadogo zetu wasiachwe nyuma kama mizigo. Tatu, bweni lisilofikisha watu 10 mwishoni, kila nafasi iliyopungua ihesabiwe kama nafasi moja baada ya mtu wa mwisho. Hapo kiranja wa bweni ataacha kumbembeleza mkimbiaji mmoja hodari, na ataanza kuwaamsha arobaini.

Katika mpira wa miguu nako lipo jambo. Sasa ligi yetu ni ya mabweni manne, mechi 12 tu, na wachezaji ni wale wale tangu Januari. Wapo wanafunzi watakaomaliza miaka minne hapa bila kuvaa jezi hata siku moja. Kwa sababu hiyo wengine wamependekeza kwamba kila mkondo uwe na timu yake. Vidato vinne kwa mikondo mitatu ni timu 12. Wazo hilo ni zuri, lakini lina hatari ile ile ya Ligi Kuu. Timu 12 zikikutana mara moja tu ni mechi 66. Kiwanja ni kimoja. Tukicheza mechi tatu kwa wiki tutahitaji wiki 22, na muhula hauna nafasi hiyo ukitoa mitihani. Viporo vitajaa, na watakaoumia ni Kidato cha Nne, ambao mtihani wa taifa wa mwezi wa Novemba haungojei mtu.

Dawa yake si kukataa timu 12, ni kuzipanga. Kila kidato kiwe kundi la timu tatu, zikutane mara mbili. Hizo ni mechi 6 kwa kila kidato, yaani 24. Washindi wanne wacheze nusu fainali mbili na fainali moja. Jumla ni mechi 27, nazo kwa mechi tatu kila wiki zitakwisha katika wiki 9. Kila timu itakuwa imecheza mechi zisizopungua 4, mtoto wa Kidato cha Kwanza hatapambana na wakubwa mpaka timu yake iwe imestahili, na Kidato cha Nne waweza kumaliza kundi lao mapema warudi kwenye vitabu.

Najua kwamba maneno haya yatapata wapinzani, na ni haki yao. Mtu atasema kwamba hodari atavunjika moyo asipoona tena pointi zake 5. Simnyimi zawadi yake. Wa kwanza apewe kikombe chake na jina lake lisomwe paredi, ila kikombe cha bweni kiwe cha bweni. Mwingine atasema kwamba walimu watachoka kuhesabu watu wote hao. Kazi hiyo si kubwa. Vikatwe vipande vya karatasi vyenye namba, kila anayefika akabidhiwe kimoja, na viranja wavikusanye kwa mabweni. Hesabu ya kujumlisha namba 10 haimshindi mwanafunzi wa sekondari.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni hili: kwamba mtu wa kumi akichelewa, wenzake watamlaumu bwenini usiku, na mnyonge atazidi kuteswa. Siwezi kusema kwamba jambo hilo haliwezi kutokea. Mgonjwa aachwe, na mwenye cheti cha mganga asiulizwe neno. Lakini tukumbuke kwamba wanaohesabiwa ni 10 kati ya 40 hivi, kwa hiyo hapana mtu mmoja ambaye bweni zima limemtegemea yeye tu. Tena pima pande zote mbili. Kwa kanuni ya leo mnyonge halaumiwi kwa sababu hahesabiwi kabisa, wala hapana anayemtaka. Mimi naona heri mtu aambiwe, "Kaza mwendo, twakuhitaji," kuliko kuachwa akila ndizi njiani.

Wazazi wetu wanaosoma gazeti hili huenda wakauliza faida yake kwao. Hawakutuleta bwenini ili watatu wawe na afya na wengine wawe watazamaji. Tena tutakapotoka hapa, kazi nyingi zitakazotungoja, za shambani, za ofisini na za hospitalini, ni kazi ambazo mtu mmoja hodari hawezi kuzimaliza peke yake. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nasi twafundishwa methali hiyo darasani, kisha tukitoka kiwanjani twahesabu kidole kimoja.

Naomba Mkuu wa Shule, mwalimu wa michezo na baraza la viranja walipime shauri hili. Siombi libadilishwe kila jambo kwa siku moja. Ijaribiwe kanuni mpya katika mbio za nyika kwa muhula mmoja tu. Muhula ukiisha, tusimame pale getini tuhesabu ni wangapi waliofika wakikimbia, na ni wangapi waliofika wakitembea. Hesabu hiyo ndiyo itakayotuambia kama kanuni ibaki au iondoke.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne